Kurusha Si Kutupa: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Kriketi

Utangulizi

Ni desturi ya mhakiki wa istilahi kukosoa kazi ya mwenzake. Katika makala haya nakusudia kukosoa kazi yangu mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilipewa jukumu la kuandaa rasimu ya istilahi za mchezo wa kriketi, ili iwafae walimu wa michezo, watafsiri wa kanuni za mashindano, na watumishi wa serikali wanaoandika taarifa za timu zetu. Kazi hiyo niliifanya kwa miezi miwili. Mezani nilikuwa na kamusi mbili za Kiingereza, kamusi zetu za Kiswahili, na kitabu cha sheria za mchezo wenyewe. Nilipomaliza nilikuwa na istilahi 60, kila moja na fasili yake, zimepangwa kwa utaratibu wa alfabeti. Sikuwa nimemwuliza mchezaji hata mmoja, wala mtazamaji.

Rasimu hiyo haikudumu saa mbili ilipofika mbele ya watu wanaoujua mchezo. Naeleza hapa namna ilivyoanguka, kwa sababu naamini kwamba makosa yake si ya kriketi peke yake. Ni makosa yanayoweza kumpata yeyote kati yetu anayeunda istilahi za sheria, za hospitali au za ushirika, iwapo atatafsiri neno badala ya kuitaja dhana.

Mchezo huu si mgeni kwetu

Huenda msomaji akauliza kwa nini tujishughulishe na mchezo unaopendwa na watu wachache. Jibu ni kwamba mchezo huu umekaa nasi muda mrefu. Katika enzi ya ukoloni, viwanja vya Mnazi Mmoja, kando ya Mji Mkongwe wa Unguja, vilichezewa kriketi na Waingereza pamoja na Wagoa na jumuiya nyingine zenye asili ya Bara Hindi. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la wanaume lilipofanyika kwa mara ya kwanza huko Uingereza, timu moja miongoni mwa nane ilibeba jina la Afrika Mashariki. Wachezaji wake walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilishindwa mechi zake zote tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza, lakini ilikuwapo. Tarehe 29 Februari 1996 Kenya iliishinda West Indies mjini Pune, na mwaka 2003 ikafika nusu fainali ya Kombe hilo. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kuingia Kombe la Dunia la rika lao.

Kwa hiyo yamepita zaidi ya miaka 50 tangu watu wetu wasimame mbele ya dunia wakiwa na mchezo huu mkononi. Walipokuwa wakicheza hawakuwa bubu. Walikuwa na maneno yao ya kuitana, ya kulaumiana na ya kusifiana. Waliocheza Mnazi Mmoja wakiwa vijana sasa ni wazee, na wengi wao walihama Unguja baada ya mwaka 1964. Kila mmoja anapoondoka huondoka na maneno yake. Hilo ndilo lililonipasa kuanza nalo, nami sikuanza nalo.

Siku ya Kiponda

Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025 nilikuwa Mji Mkongwe kwa shughuli nyingine ya kikazi. Saa saba mchana nilikaribishwa katika duka moja la mtaa wa Kiponda, ambako wazee kwa vijana walikuwa wamekusanyika mbele ya runinga, wengine ndani na wengine juu ya baraza ya nje. Ilikuwa siku ya mwisho ya mechi ya tano na ya mwisho kati ya Uingereza na India, katika uwanja wa The Oval mjini London. Uingereza ilikuwa imebakiza mikimbio 35 tu kulifikia lengo la 374, na wapigaji wake sita walikuwa wamekwisha kutolewa. Baada ya siku nne za mapambano, mambo yote yalikuwa yamefika kwenye saa moja.

Mipira miwili ya kwanza, Jamie Overton aliipeleka yote hadi mpakani, na kila mmoja ukaleta mikimbio minne. Mashabiki wa India wakashika vichwa. Kisha Mohammed Siraj akamtoa Jamie Smith, na muda mfupi baadaye mpira wake ukamgonga Overton mguuni. Kijana mmoja aliyekaa sakafuni akaruka: "Kakinga! Kakinga kwa mguu!" Mwamuzi akainua kidole. Prasidh Krishna akaviangusha vigingi vya Josh Tongue. Hapo akaingia Chris Woakes, ambaye alikuwa ameumia bega siku ya kwanza, mkono wa kushoto umefungwa ndani ya sweta na beti ameishika kwa mkono mmoja. Duka zima likanyamaza kwa heshima. Gus Atkinson, mwenzake, akajaribu kuubeba mzigo peke yake, akapiga mpira mmoja uliovuka mpaka bila kugusa chini. Mwishowe Siraj akarusha mpira wa kasi uliolenga miguuni, ukapita chini ya beti, ukagonga kigingi. Uingereza ilikuwa na mikimbio 367. India ilikuwa imeshinda kwa sita.

Kelele zilipotulia, mwenye duka alinitambulisha kwa maalim mmoja mstaafu ambaye alicheza kriketi Mnazi Mmoja alipokuwa mwanafunzi. Nikampa rasimu yangu. Aliifungua, akasoma kurasa mbili, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "hebu nisomee mpira ule wa mwisho kwa Kiswahili chako."

Nikatunga sentensi kwa istilahi za rasimu, nikasoma: "Mtupaji alitupa mpira, lango likaanguka, na India ikashinda kwa mbio sita katika mechi ya majaribio."

Watu wakacheka, isipokuwa yeye. "Sentensi yako ina makosa manne," akasema. "Matatu ni ya lugha. La kwanza ni kesi."

Kurusha na kutupa

Nilidhani ananitania. Akaeleza: "Siraj hakutupa. Angetupa, mpira ule ungebatilishwa, na Uingereza wangekuwa bado wanacheza."

Jambo lenyewe ni hili. Sheria ya kriketi haimruhusu mchezaji anayeuleta mpira kwa mpigaji aunyoshe mkono uliokunjwa kwenye kiwiko wakati anapouachia. Kanuni za mashindano ya kimataifa zimeweka kikomo cha nyuzi 15. Akizidisha hapo amefanya kosa, na mpira wake ni batili. Kosa hilo, kwa Kiingereza, huitwa kwa neno lile lile ambalo kamusi zetu hulitafsiri kuwa kutupa. Maana yake ni kwamba nilikuwa nimemwita mchezaji halali kwa jina la kosa analokatazwa. Kwa rasimu yangu, mwandishi wa habari angeandika kila siku kwamba mtupaji ametupa, na siku mwamuzi atakapomwadhibu mtu kwa kutupa, asingekuwa na neno la kueleza tofauti.

Hili si jambo dogo. Tarehe 26 Desemba 1995, mjini Melbourne, mwamuzi Darrell Hair aliubatilisha mara saba mpira wa Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka kwa madai kwamba anatupa. Muralitharan alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kabisa. Alipimwa na wataalamu, akaruhusiwa kuendelea, na alipostaafu mechi hizo mwaka 2010 alikuwa amewatoa wapigaji 800, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Miaka yote hiyo heshima yake ilisimama juu ya tofauti kati ya vitenzi viwili. Mtafsiri wa Kiswahili aliyetumia kitenzi kimoja kwa vyote viwili angekuwa amemhukumu.

Je, Kiswahili kina vitenzi viwili? Kinavyo, na si vya kuunda. Kurusha ni kukifanya kitu kiruke. Kutupa ni kukiachia kwa nguvu ya mkono, au kukiondosha kisichotakiwa. Mtoto wa Unguja hurusha tiara wala hatupi tiara. Hutupa jiwe. Aliye na masikio ya lugha hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Basi mchezaji halali ni mrushaji, kazi yake ni urushaji, na akivunja sheria ya kiwiko tutasema ametupa. Kuna hata mahali pa kitenzi cha tatu. Tarehe 1 Februari 1981, New Zealand ilipohitaji mikimbio sita kwa mpira mmoja ili ilingane na Australia, Trevor Chappell aliuvingirisha mpira ardhini hadi kwa mpigaji ili usiweze kupigwa juu. Kanuni za siku hiyo zilimruhusu, ingawa dunia ilimlaumu. Kurusha, kutupa na kuvingirisha ni vitendo vitatu, na kila kimoja kina hukumu yake.

Kadhalika nilijifunza hapo kuhusu mwendo wa mpira. Katika rasimu nilikuwa na neno moja, kuzunguka. Mashabiki walitumia mawili, na hawakuyachanganya hata mara moja. Mpira unaoacha njia yake ukiwa bado hewani, kwa sababu upande mmoja umesuguliwa ukang'aa na wa pili umekwaruzika, walisema unapinda. Mpira unaobadili njia baada ya kugusa ardhi, kwa sababu ya vidole vya mrushaji, walisema unageuka. Njia hupinda na mtu hugeuka: maneno ya kila siku yametoa istilahi mbili zilizo sahihi kuliko yangu.

Neno moja, dhana tatu

Kosa la pili lilikuwa lango. Kamusi ya Kiingereza iliniambia kwamba wiketi kwa asili ni mlango mdogo, nami nikafurahi kupata neno la Kibantu. Sikukumbuka kwamba lango ni la kandanda na lina mlinzi wake. Msomaji anayeambiwa kwamba timu imeshinda kwa malango matatu ataelewa kwamba imefunga mara tatu.

Ubaya zaidi ni kwamba neno hilo la Kiingereza lina maana tatu katika mchezo huu huu. Kwanza ni vigingi vitatu vilivyosimamishwa, na vijiti viwili juu yake. Pili ni kutolewa kwa mpigaji. Tatu ni ukanda wa ardhi, wenye urefu wa mita 20 na kidogo, ambamo mpira hurushwa. Mwingereza huzitenganisha kwa mazoea. Mimi, kwa kutafsiri neno, nilimhamishia Mswahili utata ambao hakuuomba. Laiti ningeanza na dhana, ningeona kwamba nahitaji maneno matatu.

Barazani yalikuwapo. Vile vitatu waliviita vigingi, na vile vidogo vya juu vijiti. Mwenye duka alipendelea neno la mkopo, stampu, lakini mwanawe akamkumbusha kwamba hilo ni la kubandika kwenye barua. Ukanda waliuita ukanda. Wiketi wakaliacha kwa maana ya pili tu, yaani kuanguka kwa mpigaji mmoja katika hesabu ya timu. Kwa utaratibu huo, taarifa ngumu huwa nyepesi. Tarehe 19 Januari 2021, mjini Brisbane, India iliishinda Australia kwa wiketi 3. Sasa tunaweza kufasili: India ilifikia lengo lake zikiwa zimebaki wiketi tatu zisizoanguka. Mwalimu anaweza kuliandika jambo hilo ubaoni kwa mstari mmoja.

Kukinga na kuotea

Kelele ya yule kijana, "Kakinga kwa mguu," ilinitia aibu zaidi kuliko kicheko. Kwa dhana hiyo rasimu yangu ilikuwa na maneno manne: mguu mbele ya lango. Nilikuwa nimefuata Kiingereza neno kwa neno, ambapo hata Waingereza wenyewe wamechoka na urefu wake, wakabakiza herufi tatu. Maneno yangu manne yalisema mguu uko wapi, yasiseme mtu amefanya nini. Mpigaji huruhusiwa kuweka mguu mbele ya vigingi. Anachotolewa kwacho ni kuuzuia kwa mwili mpira ambao, kwa hukumu ya mwamuzi, ungevigonga. Kukinga ni neno la hilo, na mkono wa mvua na ngao wanalielewa.

Wasomaji wa jarida hili wanaufahamu mfano mwingine wa namna hii. Katika kandanda, mchezaji anayekaa nyuma ya walinzi akingoja mpira husemwa ameotea. Kiingereza husema yuko upande usiofaa. Kiswahili hakikujali upande. Kilimtazama mtu anavyovizia, kama mwindaji anavyomwotea mnyama, kikampa jina. Neno hilo limekubalika kwa sababu ukilisikia unauona mchezo. Kuotea na kukinga ni ndugu, nalo la pili yafaa lipewe nafasi liliyopewa la kwanza.

Mkimbio na beti

Kuhusu mbio, kosa langu lilikuwa la sarufi. Mbio ni neno lisilohesabika kwa urahisi. Ukisema mtu ameshinda kwa mbio sita, msikilizaji atatafuta farasi. Waandishi wa magazeti yetu ya michezo walikwisha kulitatua tatizo hili kabla yangu, kwa kusema mkimbio na mikimbio. Neno hilo lina umoja na wingi, lina ngeli inayoeleweka, na halina kazi nyingine inayogongana nayo. Nililiona magazetini nikalidharau, nikidhani ni lugha ya haraka. Naomba radhi kwa waandishi hao.

Kijana mmoja alilipinga. Alisema Overton alipeleka mipira miwili mpakani na hesabu ikaenda mikimbio minane, naye hakulazimika kukimbia hata hatua. Hoja ni kweli, lakini haitoshi. Sisi hupiga simu bila ya kumpiga mtu, na hupiga pasi nguo tusiyoigombeza. Neno likishakaa katika kazi yake halidaiwi tena asili yake.

Kuhusu kifaa cha kupigia, niliandika gongo. Lakini mpira wa magongo ni mchezo mwingine wenye chama chake, na gongo peke yake lina maana nyingine ambayo polisi wanaijua. Barazani wote walisema beti. Niliwahi kulikataa kwa sababu beti ni wingi wa ubeti. Maalim akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kuona mshairi akiingia uwanjani na ubeti mkononi. Alikuwa na haki. Maneno yanayofanana katika fani mbili zilizo mbali hayadhuru: kaa ni mnyama wa pwani na kaa ni la jikoni, wala hakuna aliyeungua kwa sababu hiyo.

Hata hivyo hapa niliweka mpaka, nao wakakubali. Beti ni jina, lakini kitenzi kisiwe kubeti, kiwe kupiga. Siku hizi kubeti ni kucheza kamari ya matokeo, na hiyo haiko mbali na michezo bali imo ndani yake. Mwaka 2000 Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini, alifungiwa maisha kwa kupokea fedha za wacheza kamari. Taarifa ya Kiswahili isemayo kwamba mchezaji fulani anabeti vizuri ingeweza kumpeleka mahakamani mtu aliyepiga mikimbio 100 tu.

Sare, suluhu na mtihani

Katika mechi ya aina hii kuna namna mbili za kukosa mshindi, nami nilizipa zote neno moja, sare. Namna ya kwanza ni timu mbili kumaliza zamu zao zote zikiwa na mikimbio sawasawa. Hilo limetokea mara mbili tu: Brisbane mwaka 1960, kati ya Australia na West Indies, na Madras mwaka 1986, kati ya India na Australia. Namna ya pili ni muda kwisha kabla ya mechi kuamuliwa, na hilo ni jambo la kawaida. Kuziita zote sare ni kumwambia msomaji kwamba hesabu zililingana, wakati huenda timu moja ilikuwa mbali sana mbele.

Hapa pia lugha ya michezo ilikuwa imetutangulia. Watangazaji wa kandanda wa Tanzania hupenda kuita sare ile ya mabao, na suluhu ile ya kutofungana kabisa. Neno la pili lina maana ya kupatana, na katika kriketi linafaa zaidi ya huko lilikotoka. Siku nane tu kabla ya mchana ule wa Kiponda, yaani tarehe 27 Julai 2025 huko Old Trafford, mechi ya nne kati ya timu hizo hizo ilikwisha kwa kupeana mikono. Ben Stokes wa Uingereza alitaka mapema wakubaliane kuacha. Ravindra Jadeja na Washington Sundar walikataa mpaka kila mmoja alipotimiza mikimbio 100, kisha wakakubali. Kama si suluhu, hiyo ni nini? Na mwaka 1939 mjini Durban, Afrika Kusini na Uingereza zilicheza mechi isiyo na kikomo cha siku. Siku kumi zikapita, mshindi asipatikane, ikaachwa kwa sababu meli ya wageni ilikuwa haina budi kuondoka. Watu wa pwani wanaielewa suluhu iliyoletwa na meli.

Limebaki jina la mechi zenyewe. Niliandika mechi ya majaribio, na kosa hili ndilo magazeti yetu hulifanya pia. Mechi ya majaribio ni ya kuchagua wachezaji au kupasha viungo, wakati hii ndiyo daraja la juu kabisa la mchezo, tangu ya kwanza iliyochezwa Melbourne mwezi Machi 1877. Wengine hupendekeza mechi ya siku tano, lakini tumeona ya Durban iliyochukua siku kumi. Maalim alisema neno moja: "Huo ni mtihani." Katika Kiunguja mtihani si karatasi ya maswali peke yake. Mtu aliyefiwa, aliyefilisika au aliyengoja meli isiyofika, huambiwa kwamba huo ni mtihani, yaani jambo linalopima uzito wa mtu. Hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa tangu mwanzo, kupimana nguvu. Napendekeza mechi ya mtihani.

Hoja mbili za kujibiwa

Wapo watakaosema kwamba ingetosha kukopa istilahi zote na kuzipa irabu za mwisho. Siwapingi kabisa. Wiketi, ova na beti ni mikopo, nami nimeiacha. Hata Kiingereza hukopa: mpira mmoja wa hila, unaogeuka kinyume cha mpigaji anavyotazamia, huitwa kwa neno la Kiurdu lenye maana ya wa pili, na Waingereza hawakuona haya. Lakini mkopo wa jumla humnyima mwalimu wa kijijini nafasi ya kueleza. Kukinga hueleweka kabla ya kufasiliwa, ila herufi tatu za Kiingereza sharti zikaririwe.

Wapo pia watakaotaka kila neno liwe la asili. Hao nawakumbusha ova. Niliwaza kuiita duru ya mipira sita. Lakini huko Uingereza ova ilikuwa ya mipira minne, kisha mitano, na ni mwaka 1900 tu ilipokuwa sita, na Australia ilicheza ya minane hadi mwaka 1979. Fasili inayobeba idadi huvunjika idadi ikibadilika. Ova ibaki ova. Na ile isiyotoa mkimbio wowote, ambayo Kiingereza huiita kwa jina la mwanamwali, nami nikamfuata hadi huko bila ya kufikiri, tuiite ova tasa. Walimu wa hisabati wanayo namba tasa, na hakuna aliyelalamika.

Hitimisho

Kati ya istilahi 60 za rasimu yangu, barazani zilibaki 23. Ninazozitoa hapa ni zile zilizojadiliwa katika makala haya, ili wasomaji wazipime:

Mrushaji: mchezaji anayerusha mpira kwa mpigaji kwa kufuata sheria.
Kutupa: kosa la kunyosha kiwiko kupita kiasi wakati wa kurusha.
Mpira batili: mpira uliokataliwa na mwamuzi kwa kosa la mrushaji.
Kupinda: mpira kuacha njia yake ukiwa hewani.
Kugeuka: mpira kubadili njia baada ya kugusa ardhi.
Kigingi, vigingi: miti mitatu inayolengwa na mrushaji.
Wiketi: kutolewa kwa mpigaji mmoja katika hesabu ya timu.
Ukanda: sehemu ya uwanja ambamo mpira hurushwa.
Kukinga: kuzuia kwa mwili mpira ambao ungegonga vigingi.
Mkimbio: kipimo kimoja cha hesabu ya mpigaji na timu.
Beti: kifaa cha kupigia.
Zamu: kipindi cha timu moja kupiga.
Ova tasa: ova isiyotoa mkimbio.
Sare: mechi iliyokamilika kwa mikimbio iliyo sawa.
Suluhu: mechi iliyokwisha muda bila ya kuamuliwa.
Mechi ya mtihani: mechi ya daraja la juu baina ya mataifa.

Tunaofanya kazi hii tuna desturi ya kusema kwamba istilahi imepitishwa na Baraza. Katika Mji Mkongwe, baraza ni ukuta mfupi wa jiwe mbele ya nyumba, mahali watu wanapokaa baada ya sala ya alasiri wakanywa kahawa na kubishana. Kiunguja cha watu hao ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Tangu hapo tumewaazima lugha, na mara nyingi hatukurudi kuwauliza kama tunaitumia vizuri. Pendekezo langu kwa wenzangu ni fupi: istilahi yoyote ipite kwanza kwenye baraza lile la jiwe, ndipo iletwe kwenye hili la vikao.

Rasimu iliyosahihishwa iko tayari kujadiliwa. Wasomaji walio na maneno ya wachezaji wa zamani, wa Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au kwingineko, tunawaomba watuandikie mapema. Maalim wa Kiponda aliniahidi mengine 20, nami nimekwisha kupanga safari ya kurudi.